Sikio la Kuazima

"Jana tuliishia sura ya ishirini na moja. Nolfa, naapa kwa kaburi la bibi yangu. Ishirini na moja!"

"Na hapo pameandikwa ngapi?"

"Ishirini na tatu. Dakika ya kumi na mbili."

Nolfa aliacha kumenya papai, akafuta mikono kwenye aproni, akaiinamia simu ya mwenzake, Yasna. Walikuwa wamesimama kwenye meza ndefu ya bati, katika kiwanda kidogo cha mapapai ya shira pale Coquimbo, mji wa pwani, na simu yenyewe ilikuwa imeganda sukari mpaka kwenye kioo.

"Labda uliilalia, ikaendelea yenyewe."

"Ilikuwa kwenye chaji jikoni. Ni Nibaldo huyu."

"Basi mumeo kaonja mbele. Hiyo ndiyo kesi ya kukutoa machozi? Wangu alimwonja dada yangu."

Yasna hakucheka. Siku nyingine angecheka mpaka ashike mbavu, lakini leo tangu asubuhi hakai, hatulii, chupa mbili zimeshamponyoka.

Nibaldo, mumewe kwa miaka mitano sasa, alikuwa dereva wa malori ya mgodi wa shaba juu kule jangwani, upande wa Calama. Siku saba mgodini, siku saba nyumbani. Ili zile siku saba za upweke zisiwatafune, walijibunia mchezo wao. Akaunti moja ya vitabu vya kusikiliza, kitabu kimoja, sura moja kila jioni saa ya chai na mkate, kila mtu mahali alipo. Sura ikiisha wanapigiana simu na kubishana mpaka chai inapoa. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna kwenda mbele bila mwenzio.

Kitabu cha safari hii kilikuwa kizito, cheusi, cha kukukosesha usingizi. Ilvane, mwanamke anayeosha maiti za watu walionyongwa na mfalme. Kardo, askari anayempenda, ila hajamwambia kwamba kamba ya kitanzi huvutwa na mkono wake mwenyewe. Msomaji alikuwa mwanaume mwenye sauti nzito ya chini, sauti ya mtu anayeongea ndani ya pipa.

"Si kwenda mbele tu," Yasna alisema. "Tazama saa. Alama imesogea saa nne asubuhi. Saa nne Nibaldo yuko juu ya lori, na mle simu ni marufuku, wakikukuta nayo kazi huna. Halafu inarudi nyuma. Mara sura ya ishirini na mbili, mara ya ishirini na tatu, mara ya ishirini na mbili tena. Na spidi imeshushwa. Kinasomwa polepole kama anasomewa mtoto."

Nolfa alisahau mzaha. Kwa Nolfa, hiyo ilikuwa habari mbaya tayari.

"Au anasomewa mtu aliyeingia katikati," alisema. "Mtu asiyeijua hadithi. Anarudishiwa nyuma apate kuelewa."

"Usiseme hivyo."

"Nimesema nini? Shoga yangu, wanaume wa mgodini wana nyumba mbili. Ya baharini na ya jangwani. Wewe ni wa baharini."

*

Wiki tatu Nibaldo hakuwa amerudi. *Zamu imeongezwa, madereva hawatoshi,* aliandika. Na simu hapigi. *Mtandao wa huku mbovu, mpenzi. Tuandikiane.*

Yasna alikuwa amemeza yote hayo. Sasa yalianza kumrudi kooni. Akakumbuka mara ya mwisho Nibaldo alipokuwa nyumbani. Yeye Yasna alikuwa ameingia sebuleni analia, akamwambia shangazi Ercilia amekatwa mguu. Nibaldo akatabasamu, akasema, "Afadhali." Afadhali! Alimwacha hapohapo, na usiku ule walilala kila mtu na ukuta wake.

Lakini kilichomtia wazimu zaidi ni kwamba meseji zilikuwa tamu. Jioni ile alizipitia upya, amesimama, mkate mkononi, hata siagi hajapaka.

*Kardo ni mwoga,* Yasna alikuwa ameandika. *Angemwambia tangu sura ya tatu.*

*Mwoga hukimbia. Huyu amekaa.*

*Amekaa kwa sababu anafaidi.*

*Kwako wewe lazima kila mtu awe anafaidi?*

Nibaldo gani huyu? Nibaldo aliyemjua hubishana kwa kucheka na kusema "aa, wapi!" Huyu alikuwa na wembe. Na Yasna, Mungu amsamehe, alikuwa ameupenda wembe huo. Siku ishirini alikuwa anaisubiri saa ya chai kama msichana wa shule. Kisha, juzi, ikaja nyingine isiyofanana na zile: *Kardo haogopi kunyongwa. Anaogopa Ilvane atamtazama kama watu wanavyotazama kiti kibovu. Wanakipita tu.* Hiyo aliisoma mara saba.

Akaweka mkate chini, akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Akapiga tena. Mara ya nne ikapokelewa.

"Haloo?"

Sauti ya mwanamke.

Yasna alitaka kusema kitu, lakini nyuma ya sauti ile alisikia nyingine, nzito, ya ndani ya pipa, inasoma polepole. *Ilvane aliinua mkono wa maiti, akaona alama ya kamba...*

"Haloo? Nibaldo yuko bafuni, mimi namshikia tu..."

"Hiyo ni sura ya ngapi?"

"Nini?"

"Nakuuliza, dada. Hicho kitabu kinachosoma hapo. Ni sura ya ngapi?"

Msomaji akazimwa katikati ya neno.

"Ishirini na nne," mwanamke alisema, na simu ikakatika.

Dakika haikupita, Yasna alikuwa anampigia Ermindo, dereva mwenzake Nibaldo, mtu aliyesimamia harusi yao.

"Shemeji! Habari za huko baharini?"

"Ermindo, Nibaldo yuko zamu?"

"Eee... shemeji, zamu ina mambo mengi..."

"Usinizungushe. Yuko juu ya lori au hayuko?"

Ermindo alishusha pumzi ndefu. "Hajapanda lori tangu Machi."

"Machi? Huu si Mei?"

"Shemeji, mengine si yangu kuyasema. Akinisikia nimesema... Mungu wangu, hata neno lenyewe hilo. Muulize yeye. Yuko Calama mjini, nyumba ya wageni ya Zunilda, nyuma ya soko la matunda. Geti la buluu."

"Zunilda ni nani?"

"Ni mwenye nyumba."

"Ana mume?"

"Alikuwa naye," Ermindo alisema kwa sauti ndogo.

Yasna alipokuwa anatia nguo begini, meseji iliingia kutoka simu ya Nibaldo. *Yasna, si unavyofikiri.*

Akajibu: *Sijafikiri bado. Nitafikiria nikifika.*

*

Basi lilimfikisha asubuhi, midomo imekauka kwa upepo wa jangwa. Hakunywa hata chai. Akaliona soko, akaliona geti la buluu, akalisukuma bila kubisha.

Uani kulikuwa na kamba za mashuka, na chini yake meza. Nibaldo alikuwa ameketi hapo, amempa mgongo, anamenya viazi. Viazi! Dereva wa lori ambalo tairi lake moja linapita kimo cha nyumba, anamenyea mwanamke viazi.

"Nibaldo!"

Hakugeuka.

"Nibaldo, nakuita wewe!"

Kisu kiliendelea kuzunguka kiazi, taratibu, ganda halikatiki. Dharau ile ilimpanda Yasna mpaka utosini. Akavua kiatu akakirusha. Kikapiga shuka, kikaangukia ndoo. Hata hapo mwanaume hakutikisika.

Mwanamke alitoka jikoni, wa makamo, nywele amezifunga kwa kitambaa, mwiko mkononi. Si mzuri wala si mbaya. Yasna alikuwa amejiandaa kwa mzuri.

"Wewe ndiye Yasna," alisema.

"Na wewe ndiye sura ya ishirini na nne."

"Hakusikii, dada."

"Najua hanisikii! Wiki tatu hanisikii!"

"Hapana." Zunilda aliteremsha mwiko. "Nasema, hakusikii."

Akasogea mezani, akaigonga mara mbili kwa kiganja. Nibaldo akainua kichwa haraka, akamtazama Zunilda mdomoni, kisha akafuata macho yake mpaka getini. Kisu kikamponyoka.

Yasna alisimama na kiatu kimoja. Afadhali, shangazi amekatwa mguu, afadhali. Kila kitu kilimfikia kwa pamoja.

"Tangu lini?" aliuliza.

Nibaldo alikunja uso, akimtazama midomo. "Usiseme haraka. Na usipige kelele, kelele ni mbaya zaidi."

"Tangu. Lini."

"Sikio la kushoto limekufa tangu mwaka jana. La kulia linapata sauti nzito tu, na kidogo. Daktari anasema sauti za wanawake ndizo hutangulia kuondoka." Akaokota kisu. "Ya kwako ilianza kuondoka Desemba. Nilikuwa nakuona unaongea, na sauti inafika kama ya mtu aliye ndani ya maji. Machi wakanipima, wakaniteremsha kwenye lori. Nasubiri bodi ya madaktari iamue."

"Machi na Aprili ulirudi nyumbani! Ulikaa na mimi mezani!"

"Niliitikia kwa kichwa. Ukicheka, nacheka. Ukinyamaza, nanyamaza. Mara moja niliona umelia, nikajua nimekosea, sikujua nimekosea nini. Ndipo nikaogopa kurudi."

"Na kitabu?"

Zunilda ndiye aliyejibu.

"Msomaji yule ana sauti nzito, kwa hiyo mwanzoni Nibaldo aliweza kumsikia. Anashusha spidi, anaweka simu kwenye mfupa huu wa nyuma ya sikio, anarudia, anarudia. Sura moja inamchukua asubuhi nzima. Kufika ya tatu akakwama. Nilimkuta anapiga ukuta kwa ngumi. Nikamwambia, nipe, nitasikiliza, nitakuandikia."

Akaingia jikoni, akatoka na daftari la shule lenye madoa ya mafuta. Yasna alilifungua. Sura ya tatu, ya nne, ya tano, mpaka ya ishirini na nne. Kila kilichotokea, nani kasema nini, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Na pembeni, kwa wino mwekundu: *Hapa Yasna atasema Kardo ni mwoga. Mwambie mwoga hukimbia, huyu amekaa.*

Yasna alisoma mstari huo. Akausoma tena.

"Kwa hiyo wiki tatu nilikuwa nagombana na wewe."

"Na unagombana vizuri," Zunilda alisema.

Ingekuwa wakati mwingine Yasna angempenda mwanamke huyu. Sasa alilifunga daftari na kumgeukia mumewe, akasema kila neno peke yake, ili lisipotee hata moja.

"Kuazima sikio, nisingekasirika. Mtu akipungukiwa huazima. Lakini wewe umempa na mdomo. Nilikuwa nakuandikia mambo yangu, Nibaldo, ananijibu mgeni."

"Ningekwambia nini? Siku ya harusi ulisimama mbele ya watu, ukasema umenichagua kwa sababu mimi ndiye mtu wa kwanza aliyekusikiliza. Watu wakapiga makofi. Mimi nilijua kazi yangu kwako ni hiyo."

"Kazi!"

"Ulimjua baba yangu? Hukumjua. Shaba ilimla masikio. Mama alimpigia kelele mpaka majirani wakawa wanamwiga. Halafu akachoka, akaacha kumsemesha kabisa. Mzee alikaa mezani miaka kumi. Unapita, unaweka sahani, unaondoa sahani." Akachukua kiazi kingine. "Nenda nyumbani, Yasna. Sitakulaumu."

Yasna aliokota kiatu chake kwenye ndoo, kimelowa, akaingia nacho jikoni. Zunilda akamfuata, akamsukumia kiti na kikombe cha chai.

"Unampenda?" Yasna aliuliza bila kugusa chai.

Zunilda alichukua kitunguu, akakitazama, akakiweka.

"Kidogo. Nilimwambia mara moja."

"Ulimwambia!"

"Nilisimama upande wa sikio la kushoto."

"Kwa nini la kushoto?"

"Kwa sababu nina haya, dada."

"Na yeye?"

"Aliniuliza kama chumvi imekwisha."

Yasna alishika mdomo. Hakujua kama anacheka au analia, na mwenzake alikuwa vivyo hivyo, na kwa dakika nzima wanawake wale wawili walitikisika mabega kwenye jiko lile kama watu waliopata msiba na sherehe siku moja.

"Ile ya kiti," Yasna alisema alipopata pumzi. "Kardo na kiti kibovu. Ile nayo ni ya wino mwekundu?"

"Ipi? Ah." Zunilda alitikisa kichwa. "Ile si yangu. Zangu zote ni fupi. Ile aliiandika mwenyewe, nikamwambia usitume, mkeo atakugundua. Akasema, labda ndicho ninachotaka."

Yasna alikunywa chai yote kwa mkupuo, ingawa ilikuwa ya moto. Akatoka uani. Nibaldo alikuwa palepale, viazi mbele yake. Akazunguka meza ili amwone usoni.

"Leo sikusamehe," alisema.

"Umesema unanisamehe?"

"Nimesema si-ku-sa-me-he! Leo. Kesho sijui. Chukua nguo zako, basi linaondoka saa nane." Akanyanyua vidole vinane.

"Na ukichoka, kama mama?"

"Nikichoka nitakurushia kiatu. Safari ijayo nitalenga vizuri."

Mwanaume huyo wa kilo tisini aliinamisha uso kwenye maganda ya viazi, akalia bila sauti. Na Yasna, ambaye hakuwa amemsamehe, alimwekea mkono kisogoni na kuuacha hapo.

Saa saba na nusu Zunilda aliwasindikiza mpaka getini. Alimpa Nibaldo mkono, akampa Yasna daftari.

"Hata mimi sasa sitajua mwisho," alisema, kwa mzaha uliokosa nguvu.

Yasna alisita. Kisha akanyoosha kiganja. "Lete simu yako."

Akaingiza jina la akaunti, akaingiza nywila, akamrudishia.

"Maliza. Lakini ole wako utangulie mbele yetu. Nitaiona alama."

*

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Juni walinuniana siku nne kwa sababu Yasna alimjibia mhudumu wa benki bila kumuuliza. Kitabu walikimaliza kwa mwendo wa konokono. Yasna anasikiliza dakika tano, anasimamisha, anamgeukia mumewe na kumsimulia kwa mdomo na mikono, na Nibaldo anabisha. "Aa, wapi! Kardo hawezi kusema hivyo, wewe umeongeza chumvi!" Na kweli, mara nyingine alikuwa ameongeza. Usiku Zunilda alikuwa anawaandikia meseji mbili tatu, zote kali, zote za kumtetea Kardo.

Agosti bodi ikaamua kwamba hatarudi kwenye lori, na mwezi uliofuata alipata vifaa vya kusikia, viwili, vidogo kama mbegu za maboga. Siku ya kwanza alivivaa saa moja, akavitupa kwenye droo. "Kila kitu kinapiga kelele! Bomba, karatasi, hata suruali yangu!" Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tano akatoka navyo kwenda gatini, akarudi amenuna, akisema ndege wa baharini wameharibika, zamani hawakulia vibaya hivyo. Mtu wa vifaa alikuwa amesema subira, ubongo unajifunza upya, na kwamba wengine sauti nyembamba haziwarudii kabisa. Yasna hilo la mwisho hakumwambia mtu.

Jumapili moja asubuhi, baada ya kifungua kinywa, Nibaldo alikuwa anaosha vyombo, ametazama dirishani. Kikombe kikamteleza kikavunjika, kile cha maua alichopewa Yasna na Nolfa.

"Punda mkubwa," Yasna alinong'ona mezani, nyuma yake, hatua nne.

"Punda amesikia," Nibaldo alisema.

Hakuwa amegeuka. Mikono ilikuwa bado ndani ya povu.

Yasna aliinuka polepole, kiti kisilie. Akapiga hatua moja. Midomo yake hakuna aliyeiona isipokuwa sukari na birika.

"Na hivi?" kwa sauti ndogo zaidi.

"Na hivyo."

Akapiga hatua ya pili, akasimama karibu na bega lake la kushoto, upande wa lile sikio lililokuwa limekufa, akasema jambo moja kwa pumzi tu, jambo ambalo hata mimi ninayewasimulia sikulipata.

Nibaldo aligeuka, povu linachuruzika mpaka kwenye viwiko, shingo nzima imekuwa nyekundu.

"Mke wangu," alisema, "hilo halisemwi jikoni. Funga mlango kwanza."